Kijani Kilichochelewa

Mwanamke akifika umri wangu, jamii humtarajia aanze kufuga kuku wa kisasa au aingie kamati ya kanisa. Mimi nilinunua kamera. Nilinunua pia lenzi ndefu kama mchi, stendi ya miguu mitatu, na fulana yenye mifuko kumi na mmoja ambayo hadi leo sijapata vitu vya kujaza minne ya kwanza. Kisha nikajiunga na darasa la Jumamosi jijini Nairobi, ambako mwalimu wetu, bwana aliyevaa skafu hata katika jua la Februari, alitufundisha kwamba kila msanii ana sauti yake, na kwamba yangu ilikuwa bado haijasikika.

"Dada, picha zako ni nzuri," aliniambia siku moja, akizipitisha kama mtu anayepangusa meza. "Shida ni hiyo. Nimeziona hata kabla hujazipiga."

Maonyesho ya darasa yalikuwa yamekaribia. Aliyepata picha yenye sauti angepewa nafasi ukutani. Aliyekosa angepanga viti na kugawa sambusa. Nilikuwa nimegawa sambusa katika maonyesho mawili mfululizo, na watu walikuwa wamekwisha kunisifu kwa namna ninavyozigawa. Mwalimu alinipa wiki mbili. Nikajiapiza kwamba mara hii sambusa zitatafuta mtu mwingine.

Nilichagua kwenda Kericho na Bomet kwa sababu niliyoiona ya busara sana: ndiko nilikozaliwa. Wazazi wangu walitoka nyanda za juu za magharibi, ng'ambo ya Sotik, wakaja kutafuta kazi katika shamba kubwa la chai, na mimi nikalelewa katika kempu, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari kama wanafunzi gwarideni. Mama alichuna chai karibu maisha yake yote ya kazi. Niliamini kwamba kuzaliwa hapo kulinipa haki ya kuifahamu chai, kama vile mtu aliyezaliwa hospitalini anavyoweza kudai udaktari.

Siku ya kwanza, karibu na Litein, nilipiga vilima, ukungu, na mti wa pekee uliosimama katikati ya michai. Mti ule umepigwa picha mara nyingi hata nashangaa bado una majani. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye majani mabichi nikiutafuta mwanga wakati mwendesha boda aliponisimamia.

"Mathe, hiyo mti sisi tunaita ofisi," alisema. "Watu wa kamera wanashukia hapo, wanalala kidogo, wanaamka, wanaenda. Juzi kuna mwingine alilalia hapo hapo umelala."

Nikahamia upande wa pili.

"Huko pia," alisema.

Siku ya pili nilipanda hadi Kimulot, kule ambako mashamba madogo ya wakulima yanakaribia msitu wa Mau. Mvua ilikuwa imepita asubuhi, jua likatoka, na hapo nikaliona. Mashamba yote ya mteremko ule yalikuwa ya kijani kizito, tambarare kama mkeka. Moja tu, katikati, liling'aa: kijani cha limau changa, laini, kikimeremeta kana kwamba taa imewashwa chini yake. Pembeni kulikuwa na choo kidogo cha mabati mekundu ambacho, kwa elimu yangu ya Jumamosi, nilikitambua mara moja kuwa "doa la rangi linaloshika jicho". Nilipiga picha arobaini. Machozi yalinilengalenga. Nilikwisha kuipa picha jina, na jina lenyewe lilikuwa la aibu kiasi kwamba sitaliandika.

"Chamgei!" sauti ilinisalimu kutoka nyuma ya nyasi za ng'ombe.

Alikuwa mwenye shamba, mama aliyenizidi miaka ishirini hivi, mkono wa kushoto umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni kwa leso. Nilimwitikia kwa Kipsigis kidogo nilichobakiwa nacho, kisha nikarudi kwenye Kiswahili kabla aibu haijanipata.

"Unapiga nini hapa?" aliuliza.

"Shamba lako, mama. Ni zuri mno. Linang'aa kuliko yote."

Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni anayesifia pilau ya matanga.

"Linang'aa," alirudia. "Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapo Kericho. Kwenye kempu. Mama yangu alichuna chai."

"Na hakukuambia?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama yangu alikuwa ameniambia, si mara moja. Chai huchunwa majani mawili na kichipukizi, na zamu ya kila mchai hurudi baada ya siku chache. Shamba lililochunwa kwa wakati hubaki la kijani kizito, tambarare. Kijani kile cha limau kinacholiza watalii ni machipukizi ambayo hakuna aliyekuja kuyachuna. Yakiachwa, hukomaa, hukakamaa, na kituo cha kununulia huyakataa. Mama angelijua shamba hili akiwa barabarani, akiwa amebeba mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Angesema tu: "Hapo kuna mgonjwa." Mimi, na stendi yangu ya miguu mitatu, nilikuwa nimepiga picha arobaini za kazi isiyofanyika.

"Majani imepita," mama yule alisema, bila kulalamika. "Nilianguka nikikata nyasi ya ng'ombe. Wiki ya tatu sasa. Na wewe unataka kupeleka hii Nairobi?"

"Kwenye maonyesho tu, mama. Hakuna atakayejua ni la nani."

"Vijana wangu wawili wako huko. Sijawaambia hii mkono. Wakijua, watanitoa hapa, wanipeleke kukaa kwa ghorofa, niangalie ukuta mpaka nikufe. Na hii picha wakiiona, watasoma."

"Watajuaje ni shamba lako?"

"Si hiyo ni choo yangu?"

Kilikuwa choo chake. Doa langu la rangi.

Ningependa kusema kwamba nilizifuta mara moja, kwa moyo safi. Kwa kweli niliwaza kwanza kuhusu sanaa, kisha uhuru wa msanii, kisha ukuta wa maonyesho, na mwisho, kwa uchungu mkubwa zaidi, sambusa. Kisha nikafuta. Mama alisimama begani mwangu akihesabu, moja baada ya nyingine, na nilipodhani tumemaliza, akaniuliza kwa upole, "Na ile ya kwanza kabisa?"

Jumamosi majirani wa kikundi chake walikuwa waje kumchunia. Nilibaki. Kama ni toba au ni ukosefu wa mahali pengine pa kwenda na kamera isiyo na kitu cha maana, sijaamua. Nilivaa aproni ya plastiki, nikapewa kikapu, nikapangiwa pembe ya kulia, kando ya choo. Wenzangu walikuwa kina mama watano wakimya wa mikono, wasemaji wa midomo. Kila mmoja alilaza ufito mwembamba juu ya michai yake na kuchuna yaliyouzidi tu, ili shamba lisipoteze usawa. Yaliyokomaa waliyavunja na kuyatupa chini ya miti. Mimi sikuhitaji kufundishwa. Vidole vilikumbuka vyenyewe, na nilijawa na fahari ya kijinga hadi jirani mmoja aliponitazama.

"Wewe mama wa kamera," alisema, "unachuna ama unanyoa?"

Walicheka hadi mmoja akalazimika kushika kikapu chake. Walikuwa na haki. Vidole vyangu vilikumbuka kempu, ambako mama alipimwa kwa uzito na nyapara alisimama nyuma yake, na mkono ulizama ndani ya mchai kuleta chochote kilichojaza kikapu. Hapa mtu alichuna mchai wake mwenyewe, ambao angekutana nao tena wiki ijayo na mwaka ujao.

Saa sita ilipopita, shamba lilikuwa la kijani kizito kama mengine. Mama aliliangalia kwa muda, kisha akanipa kazi.

"Sasa piga. Tia kwa simu yangu, utumie kijana mkubwa. Andika: mama yuko sawa, chai iko sawa."

Hivyo ndivyo nilivyopata agizo la kwanza la maisha yangu ya usanii: kudanganya. Nilipiga picha moja, jua likiwa utosini, mwanga ambao mwalimu wetu husema unafaa pasipoti tu. Nikaituma.

Jibu lilikuja kabla chai haijamiminwa vikombeni. Ilikuwa sauti ya kijana mkubwa, na mama, ambaye simu yake haijui kunong'ona, alilisikilizisha boma zima.

"Mama, nani amechuna hiyo pembe ya choo? Hiyo ni mkono ya kempu. Wewe huwezi kuchuna hivyo. Uko mgonjwa, mama?"

Vichwa sita vilinigeukia.

"Umeniuza," mama alisema. "Utakaa mpaka waje, ujieleze mwenyewe."

Walikuja Jumapili, wote wawili, wakiwa na nguo za kanisani na hasira ya watu walioogopa. Nilijieleza, haikuchukua muda, kwa kuwa ushahidi ulikuwa pale pembeni, umenyolewa. Kisha wakabishana na mama yao tangu mchana hadi ng'ombe walipokamuliwa. Mkubwa alitaja ghorofa mara tatu. Mara ya tatu mama alisimama, akaenda kukaa kwenye ngazi ya choo chake chekundu, akasema kwamba anayemtaka Nairobi ang'oe na hicho kwanza. Mwishowe walikubaliana: atabaki, vijana watapokezana kuja kila mwisho wa wiki hadi plasta itoke, na watamtafuta mtu wa kumchunia.

"Lakini asiwe wa kempu," mama alisema, akinitazama.

Nilipoaga, niliuliza kama ningeweza kuionyesha ile picha. Alipunga mkono mzima. "Onyesha. Siri imekwisha. Hata choo waone."

Mwalimu aliishika picha ile kwa muda mrefu, skafu ikimning'inia.

"Haina ukungu," alisema. "Mwanga ni mkali. Na hii kona ya kulia ina kasoro, imechimbika. Ulikuwa unatazama nini?"

"Hiyo kona ni mimi," nilisema.

Hakucheka. Aliitazama tena, kisha akaandika jina langu kwenye orodha ya ukuta. Ilitundikwa mahali pa mwisho, jirani na mlango wa choo, jambo ambalo yeye aliliombea radhi na mimi nikaliona la haki kabisa. Sambusa ziligawiwa na bwana mmoja aliyepiga mti ule wa Litein. Nilikula nne, nimesimama kando ya pembe yangu.