Bei ya Asubuhi

Simu ya shangazi ilimkuta Kitinda akifuta vumbi saa ya ukutani aliyoinunua kwenye mnada wa mtandaoni ili ampe baba yake.

"Mwanangu, keti kwanza," alisema shangazi. "Kaka, baba yako, ametutoka. Aliinamia meza yake ya kazi kama anayesinzia, hakuinuka tena."

Kitinda aliketi sakafuni, saa mapajani. Safari ya kumpelekea alikuwa akiiahirisha kila Jumamosi kwa sababu aliyoona haya kuitaja: nauli ilikwisha kumezwa na saa yenyewe.

Baba yake alikuwa fundi saa, mtu wa sala kabla ya kazi. Miguu ilipochoka kuzunguka madukani, alijifunza kununua saa mbovu mnadani kwa simu, akawashinda vijana. Asubuhi aliikagua picha mpaka skrubu, akatoa gharama ya vipuri na usafirishaji, akapata bei yake. Mnada ukikaribia kufungwa, aliiweka mara moja kama kikomo, mtambo umpandishie wenyewe mpaka hapo, akazima simu.

"Bei ya asubuhi haina jioni," alikuwa akisema. "Ukianza kubishana na mtu usiyemwona, hununui saa tena, unanunua ushindi. Na ushindi hautundikwi ukutani."

"Baba, sema tu wewe bahili!"

"Bahili ana saa ukuta mzima. Wewe mkarimu, kila siku unaniuliza saa ngapi!" Kisha akaongeza, "Na mnadani uwe kisebusebu, kiroho kibaki papo. Unachokiwinda usimwambie mtu, hata mimi."

Hilo la mwisho ndilo pekee Kitinda alilolishika. Siku alipoiona mnadani saa yenye ndege wa kuchonga, bawa moja limevunjika, aliitambua. Ndiyo aliyoiuza baba ili yeye asifukuzwe shule. Akajipangia bei, akaiweka. Kumbe yupo mtu aliyeweka kikomo kikubwa zaidi, na kila Kitinda alipopanda, mtambo ulimpandishia yule. Akapanda tena, na tena, damu ikimchemka, mpaka akampita.

Alimpigia baba palepale, bila kutaja kitu. "Leo nimemnyoosha mtu mnadani!"

"Hongera, mama," baba alicheka. "Mimi leo nimenyooshwa. Unakuja lini?"

"Karibuni, baba."

Alikwenda kwa nauli ya shangazi, saa ameifunga kwa shuka. Shangazi alipoifungua shuka na kuiona saa, alishika kifua.

"Hii! Kaka aliifukuzia hii, akupe wewe. Hata bawa alikwisha kulichonga."

Bawa lilikuwa pale mezani, dogo, la mti mwekundu, kando ya kibanio chake. Kitinda alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Aliyempita ni mimi, shangazi. Nilikuwa nikipigana na baba."

Shangazi akamvuta kifuani. "Angejua, angecheka."

"Angejua, angeniuliza nimelipa ngapi."

Walimzika kabla ya adhuhuri. Sala ilisomwa, mafundi wenzake wakalishusha jeneza, mmoja akisema polepole, "Taratibu, upande wa kichwa." Kitinda alitupa udongo wake wa kiganja. Hakuweza kumtazama mtu usoni. Alimwomba Mungu amrehemu baba yake, kisha akaomba msamaha kwa sauti ndogo. Kaburi lilipojaa, aliisawazisha pembe moja kwa mikono, akanawa, akarudi nyumbani na shangazi.