Dakika Tano za Rahima

Uwesu ana kibanda cha kompyuta karibu na stendi ya Newala. Walimu wa vijijini wanaosoma chuo kwa mtandao humtegemea yeye awafungulie mfumo wa masomo na kuwatumia kazi zao. Rahima, mwalimu wa Mkunya, alikuwa mmoja wao. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya kusema kwa dakika tano, si ya kuandika. Walirekodi mara nne kwa simu ya Uwesu, maana kelele za pikipiki za stendi hazikuwapa nafasi.

Wiki mbili baadaye malaria ikamchukua Rahima. Uwesu, kwa kiherehere chake cha wema, akakiandikia chuo kwamba amefariki. Chuo kikatoa pole, kikafunga akaunti ya marehemu.

Arobaini ilipopita, mama mtu akaja na mfuko wa korosho.

"Shikamoo, Mama Rahima."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia sauti ya Rahima imo humo. Nifungulie niisikie."

Uwesu alijaribu neno la siri mara tatu, na huku anajua akaunti imefungwa. Kwenye simu nako hakukuwa na kitu. Aliifuta sauti ile siku ileile ya kuituma chuoni, apate nafasi ya kumrekodi mwingine. Akamweleza yote, kichwa chini.

Mama Rahima akasema, "Basi niambie wewe uliyekuwepo. Alisema nini?"

Uwesu akajaribu kukumbuka hata neno moja. Mara zote nne alikuwa akitazama dakika tu, zisizidi tano.