Bolti ya Chini ya Pipa

Saa moja asubuhi pipa linaanza kutoa mlio. Fundi amepiga goti mbele yake, spana mkononi. Anailegeza bolti iliyo chini kabisa, kidogo tu, na hewa inatoka kwa mluzi mwembamba. Anaweka kiganja mbele ya tundu. Bado baridi. Anasubiri.

Huku akisubiri, macho yake yanavuka barabara. Ng'ambo, nje ya karakana yenye mlango wa buluu, mapipa mapya yamepangwa yakimetameta. Fundi anasonya.

"Yaone hayo," anasema. "Yamepambwa kama maharusi."

Wateja wanamwita Mvuke. Kazi yake ni kutengeneza mitambo ya kusafishia vyombo vya watu wanaopika bia majumbani. Tangi dogo la maji huchemka juu ya jiko, mvuke unapita kwenye bomba la shaba na kuingia kwenye pipa kwa juu. Ndani, chupa, mabomba ya mpira na vifuniko vinaoga mvuke huo mpaka kila kijidudu kikate roho. Chombo kimoja kikibaki na uchafu, bia yote huchacha.

Pipa la kwanza alimtengenezea mdogo wake wa kike, mpishi wa bia anayejulikana mtaani kama Mama Povu. Na alilikosea. Pipa lilikuwa limepinduliwa, naye akatoboa tundu la bomba chini akidhani ni juu. Kwa aibu, akaliziba kwa bolti.

Baadaye, bolti ilipolegea yenyewe, aligundua kwamba aibu yake ilikuwa dawa. Mvuke ukiingia juu, hewa baridi hujikusanya chini na kukataa kuondoka, kama mgeni asiyejua kuaga. Isipopewa mlango, vyombo vya chini havipati moto wa kutosha. Tangu hapo, kila pipa lake lina bolti hiyo.

Sasa huyu wa mlango wa buluu. Mtaani anaitwa Kidevu, na kwa miaka mingi alikuwa mshirika wa Mvuke, wakila sahani moja. Walipotengana alihamia ng'ambo ya barabara, akaanza kutengeneza mapipa yaleyale. Tofauti ni mkono wake. Kidevu akichomelea, mshono unalala kama uzi kwenye kola ya shati. Mishono ya Mvuke imevimba, kama mtu aliyeng'atwa na nyuki.

"Nilikuwa na donge, sikufichi," anasema Mvuke, akijigonga kifuani kwa spana. "Mteja akivuka barabara, nasikia kama ameniibia mfukoni."

Mkewe, anayemenya viazi mlangoni, anacheka. "Mteja? Hata mbwa akilala kwenye kivuli cha Kidevu, hapa ndani hakuliki."

Lakini pigo lililomlaza kitandani lilitoka nyumbani. Mama Povu alinunua pipa la Kidevu.

"Lako lilikuwa limeshika kutu, kaka," Mama Povu anamkumbusha, maana amekuja asubuhi hii na chupa zake. "Ningefanyaje?"

"Ungeniambia!"

"Nikuambie ili uninunie? Si ulininunia hata hivyo?"

Kweli alinuna. Salamu akaitikia kwa kikohozi. Kisha bia ya Mama Povu ikachacha, na iliyofuata ikachacha pia. Hoteli iliyokuwa ikinunua bia yake, tegemeo lake lote, ikamwambia ikiharibika tena wataachana. Ndipo alipokuja na pipa la Kidevu juu ya mkokoteni, kilemba kimemlegea, macho mekundu.

"Nilifurahi," anasema Mvuke. "Mungu anisamehe, nilifurahi kabla sijamwonea huruma."

Alilikagua. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata bolti. Akaishika kwa spana, ikagoma. Akakaza mikono, ikagoma. Kidevu alikuwa ameichomelea kuizunguka na kuipiga msasa mpaka ikang'aa.

"Hata mimi ilinigomea," anasema Mama Povu. "Nikadhani hili limeboreshwa, halihitaji kufunguliwa."

Mvuke aliikata, akatoboa tundu, akafunga bolti inayogeuka. Bia iliyofuata ilitoka safi, na hoteli ikaichukua yote. Hapo angeweza kukunja mikono. Mapipa ya mlango wa buluu yangeharibu bia ya mtaa mzima, na wateja wangerudi kwake wenyewe.

"Na aliwaza hivyo hivyo," anasema mkewe. "Nilimwona akitabasamu peke yake."

Mama Povu ndiye aliyemharibia tabasamu. "Wapishi wenzangu nao wanalia kama nilivyolia mimi," alimwambia. "Utawaangaliaje?"

Mvuke akavuka barabara. Anasema barabara hiyo haijawahi kuwa pana vile. Alimkuta Kidevu akichomelea, akampigia kelele: "Mbona umeiziba bolti?"

Kidevu alivua miwani. "Kwani inafunguka?"

Akaeleza kwamba alidhani ni alama ya Mvuke, kama mwingine anavyogonga jina lake kwenye bati. Aliiweka kwenye kila pipa kwa heshima, watu wajue kazi hii aliitoa wapi. "Ningejuaje kazi yake?" aliuliza. "Kila ukifika kwenye bolti ulikuwa unanituma dukani nikakuletee soda."

Ni kweli, Mvuke alimficha. Wivu wake ulianza zamani, kabla hata ya ule mlango wa buluu, na aliyeulipia ni dada yake. Siku ile alibaki ng'ambo mpaka mapipa yote yakafunguliwa bolti, akionyesha kwa mkono wake jinsi ya kulegeza.

Sasa mluzi umenyamaza, na mvuke mweupe unatoka chini ya pipa. Anaurudisha mkono haraka, anaikaza bolti, anampa Mama Povu ishara kwamba hewa baridi imekwisha.

Donge limekwisha? Anaangalia ng'ambo, ambako cheche zinaruka nyuma ya mlango wa buluu.

"Ule mshono bado unaniuma," anasema. "Mpango wangu ni kwenda kumwomba anifundishe. Wiki ijayo naenda."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo," anasema mkewe, bila kuinua macho kutoka kwenye viazi.

Mvuke anafuta mikono kwenye suruali. Anatoa noti mfukoni, anaitazama, kisha anaelekea dukani mwenyewe. Anarudi na soda mbili, anasimama ukingoni mwa barabara, akisubiri magari yapite.