Mwalimu Asiye na Breki

Tuliporudi Uganda kutoka uhamishoni Kongo, katikati ya miaka ya themanini, nilipata kazi ya ualimu katika shule ya msingi upande wa Ludara. Nilikaa Koboko mjini, na kila asubuhi nilikwenda kazini kwa baiskeli niliyorudi nayo kutoka ng'ambo. Haikuwa na kengele, na mipira ya breki ilikuwa imekwisha zamani. Nikitaka kusimama, nilikandamiza tairi la nyuma kwa soli ya kiatu. Karibu kila mtu alifanya hivyo, na sikuona ajabu yoyote.

Kabla ya shule palikuwa na mteremko mrefu unaoishia kijitoni. Asubuhi moja ya mvua niliuteremka nikiwa nimechelewa. Mbele yangu wanafunzi walitembea katikati ya njia, wamenipa mgongo, wamebeba jerikeni za maji ya shule. Niliteremsha mguu, lakini soli ilikuwa imelowa, ikateleza. Wengine walisikia mnyororo dakika ya mwisho, wakaruka majanini. Msichana mmoja wa darasa la tatu hakuwahi kuruka. Nilimgonga, tukaanguka wote wawili, na nilipoinuka nikaona mkono wake wa kushoto umepinda mahali pasipo na kiungo.

Nilimbeba hadi zahanati. Hakulia sana.

Mama yake alikuwa mjane wa askari, akiuza unga wa muhogo sokoni Koboko. Alipofika alimtazama mwanawe, akagusa mabanzi ya mbao aliyofungwa mkononi, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, baisikeli yako iko na breki?"

"Hapana, mama. Natumia mguu."

"Na mguu ilisimamisha?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kupelekwa polisi. Yeye akasema polepole, "Mpaka mukono yake ipone, wewe utakuja kumuchukua asubuhi na utamurudisha jioni. Kwa miguu. Baisikeli ibaki nyumbani."

Nilikubali. Kwa wiki sita nilitembea na yule msichana, kwenda na kurudi. Siku za kwanza niliona aibu. Wenzangu walipita wakinitania. Lakini polepole nikaanza kuiona ile njia kama wanavyoiona watoto. Baiskeli zilitujia kwa nyuma bila sauti, nyingine zikiwa na magunia ya mkaa yaliyotanuka pande zote mbili, yakitukwaruza mabega. Msichana alikuwa akisikia mnyororo tu, anaruka majanini, anaukumbatia ule mkono uliofungwa. Kila aliporuka, nilijua nani aliyemfundisha kuogopa.

Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, ile siku hukutuona?"

Ningeweza kudanganya. "Niliwaona tangu juu," nikasema. "Nilifikiri mtanipisha."

"Sisi hatukujua kama unakuja," akasema.

Maneno hayo nilikwenda nayo kwenye mkutano wa wazazi. Nilisimama nikaeleza nilivyomvunja mtoto mkono, ingawa wote walikuwa wameshasikia. Nikaomba mambo mawili: watoto watembee upande wa kulia, wakitazama wanaokuja, na sisi tuwachimbie njia yao pembeni. Mzee mmoja alinong'ona kwamba mwalimu anatafuta watu wa kumsaidia kubeba kosa lake. Hakukosea sana. Hata hivyo Jumamosi ile alikuja na jembe lake, na kabla ya saa sita tulikuwa tumefyeka njia nyembamba kutoka juu ya mteremko mpaka kijitoni.

Fundi wa baiskeli pale sokoni alinionyesha jinsi ya kukata mipira ya breki kutoka tairi kuukuu la lori. Nikafunga ya kwangu, kisha kila Ijumaa nikawa nakagua baiskeli za walimu na wanafunzi wakubwa ukutani mwa shule: inua gurudumu, zungusha, kaza breki. Isiyosimama, mwenyewe anaisukuma kwa mkono mpaka kwao. Mwalimu mkuu alinuna wiki mbili, akaitengeneza yake.

Mkono wa msichana uliunga, ingawa haukunyooka kabisa. Mama yake alipofungua mabanzi alimwambia aniage, nami nikabaki nimesimama mlangoni nisijue pa kuelekea, kwa kuwa miguu ilikuwa imezoea kumsindikiza.

Baadaye nilihamishiwa Arua, kwenye ofisi za serikali kule kilimani. Jioni makarani walishuka mjini kwa baiskeli, kwa kasi, tai za shingoni zikipepea mabegani. Mimi nilishuka kwenye baiskeli nikaikokota mpaka chini. Mmoja aliniuliza kama breki zangu ni mbovu. Nikamwambia ni nzima, ila saa ile watoto wa shule wanavuka. Alicheka, akaenda zake. Kesho yake alipita tena, na safari hii alikuwa amepunguza mwendo kidogo.