Nauli ya Kambere

Katungu, mke wa kaka yangu, hana mkono wa birika kabisa. Ukipita kwake hapa Beu, mashariki mwa Kongo, hata kuuliza njia tu, utatoka na parachichi mbili na salamu za mama yako. Mimi humtania kwamba siku mwizi akiingia kwake, atafungashiwa chakula cha safari. Ndiyo maana yaliyompata mjini Butembo yaliniuma sana, kwa sababu alijikwaa pale pale alipokuwa mwema.

Yeye ndiye msimamizi wa ushirika wetu wa kakao. Mashamba yetu mengi yako upande wa Mbau, na ofisi iko Beu, nyuma ya nyumba yake. Mnunuzi alipoanza kudai ajue kila gunia limetoka kwa nani, tulinunua programu ya kompyuta kwa kampuni moja ya Butembo. Mkataba ulisema tunalipa mara moja kwa mwaka, na matengenezo yote yamo humo. Tukapiga makofi, tukadhani mambo yamekwisha.

Kumbe programu yenyewe ilikuwa na maringo. Ilipenda kuzimika magunia yakiwa juu ya mizani na watu wamepanga foleni. Hapo kampuni humtuma Kambere, fundi wao, mwanamume mpole mwenye mke na mapacha. Kila alipomaliza kazi, Katungu alimwekea bugali na sombe, yale majani ya muhogo, kisha akamtia pesa kidogo mkononi, na mara nyingine jogoo aliyefungwa miguu. Mara ya kwanza Kambere alikataa. Nilikuwepo, naosha vyombo.

"Mama, transport patron ananipatiaka," alisema, maana nauli hulipiwa na bosi wake.

"Hii hapana ya transport," Katungu akamjibu. "Ni ya savoni ya batoto. Mugeni hatokake kwangu mikono bule. Kamata!"

"Wasingya, Mama," Kambere akashukuru kwa Kinande, akapokea kwa mikono miwili.

Mwisho wa msimu ikaja ankara kutoka Butembo: dola mia sita za safari za fundi. Sasa, mwisho wa msimu ndipo ushirika hugawia wanachama faida kidogo, nasi huitegemea kwa karo ya shule. Mia sita ilikuwa karibu faida yote. Tusipolipa, programu inafungwa, na mnunuzi hapakii gunia hata moja. Nilikasirika mpaka nikaunguza maharagwe. Majambazi wengine huvunja mlango, hawa walituma karatasi yenye nembo ya rangi!

Katungu alivaa kikwembe, kitenge chake cha misa, akachukua mkataba, akawaahidi wanachama kwamba atarudi ankara imefutwa. Yaliyotokea mle ofisini Butembo alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa hiyo nayasema kama alivyoyasema.

Mkurugenzi anaitwa Ézéchiel, na hana makelele, jambo ambalo lilizidi kumkera Katungu. Kambere alikuwa humo humo, anatengeneza mashine ya kuchapa. Aliinuka akamsalimu kwa heshima, akampa kiti.

"Contrat inasema réparation yote iko ndani," Katungu alianza.

"Réparation iko ndani, Mama," Ézéchiel akajibu. "Mais route haiko réparation. Kila safari minamulipaka Kambere transport ya kwenda na ya kurudia. Ni hiyo tu tunaomba murudishe."

"Contrat hapana sema transport!"

"Ni kweli. Haisemi tutalipa sisi, na haisemi mutalipa ninyi. Donc, tuongee."

Katungu aliona karo za watoto wetu zinaondoka mbele ya macho yake. Hasira ikampanda, na mdomo ukatangulia.

"Transport ya Kambere? Mimi mwenyewe nilimulipaka transport! Kila safari! Mumuulize!"

Kambere aliweka bisibisi chini. Ézéchiel akamgeukia polepole, akauliza habari ya hizo pesa.

"Mama alikuwa anakupatia makuta?"

"Ndiyo, patron. Alinipatia."

"Na mimi pia nilikupatia?"

"Ndiyo, patron."

Lilibaki kusemwa neno moja tu, kwamba zile zilikuwa pesa za sabuni. Kambere angeweza kulisema, lakini si mtu wa kumwumbua, mbele ya bosi, mama aliyemlisha. Katungu pia angeweza. Aliniambia alifungua kinywa, akaitazama ile ankara mezani, akatukumbuka sisi tunaosubiri Beu, akakifunga. Ézéchiel akapiga mstari juu ya ankara. Akasema kwa upole uleule kwamba nauli iliyolipwa mara mbili itakatwa kwenye mshahara wa Kambere, kidogo kidogo. Kambere alimfungulia Katungu mlango, akamtakia safari njema.

Sisi tulimpokea kwa vigelegele. Changu kilikuwa kirefu kuliko vyote, maana sikujua kitu. Tulimvisha kikwembe kipya mabegani, naye akawa anasema tu, "Inatosha, bamama, inatosha." Nikadhani ni unyenyekevu. Faida ikagawanywa siku ileile, na kesho yake watoto walikuwa darasani.

Jioni ya hiyo kesho yake nilimkuta jikoni amekaa, moto umezimika. Kile kikwembe kipya alikuwa amekikunja akakiweka mbali, juu ya ndoo. Akanieleza yote. "Haya iko inanikula," alisema kwa aibu. "Nilimuita mutoto yangu, halafu nikamuuzisha."

Nikamwambia arudi akaseme ukweli.

"Na facture itarudia," akanijibu. "Nitaambia batu nini? Batoshe batoto ku masomo?"

Nikawasha moto upya, maana wangu pia walikuwa miongoni mwa hao watoto wa kutolewa shule. Alimtumia Kambere pesa kwa simu. Zilirudishwa bila neno. Akatuma tena, zikarudi tena. Tangu hapo akawa hapendi kusifiwa kanisani, na mgeni akiingia, macho yake hutangulia chini kabla ya salamu.

Msimu uliofuata programu ikazimika, kama desturi yake. Kambere akaja. Alitusalimu vizuri, akatengeneza, na chakula kilipopakuliwa alisema ameshiba. Alikula mkate wake nje, amekaa kando ya mizani. Alipofunga begi, Katungu akatoka na jogoo mkubwa kuliko wote, amemshika kwa mikono miwili.

"Kambere, mutoto yangu, hii ni zawadi."

Laiti angemkemea. Kambere hakukasirika hata kidogo.

"Aksanti, Mama," alisema. "Mais uniandikie kwanza kama ni zawadi. Na utie cachet ya bureau."

Katungu alinipa jogoo nimshike, akaingia ndani. Nilisikia droo ya meza ikifunguliwa, kisha muhuri ukigongwa. Alipotoka alikuwa amefuta machozi, lakini si vizuri. Kambere aliisoma ile karatasi yote, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kisha akampokea jogoo, kwa mkono mmoja.