Siku Saba kwa Mama Kabange

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa mwalimu mpya hapa Kamina, nilipokwenda kwa Mama Kabange kuomba mbwa. Nasikia na wewe unataka kuchukua mtoto wa mbwa pale pale, kwa binti yake. Basi nisikilize kabla hujatafuta kamba.

Mama Kabange alikuwa mjane wa daktari wa wanyama. Askari wa Base, ile kambi ya jeshi hapa Kamina, walipohamishwa, familia zao ziliacha mbwa nyuma, naye aliwaokota na kuwalisha uani kwake. Hakuuza hata mmoja. Sharti lake lilikuwa uje siku saba mfululizo, uchutame, umlishe mbwa uliyemchagua bukari, ugali wetu wa hapa, kwa mkono wako, ndipo umpeleke nyumbani.

Niliona ananipotezea wakati. Mwalimu mzima, suruali imepigwa pasi, nichutame kati ya mbwa huku wazazi wa wanafunzi wangu wakipita? Siku ya kwanza nilikwenda, nikachagua jike mdogo wa rangi ya kahawia. Siku zilizobaki nikamtuma mke wangu, Ngoie. Kisha nikamchukua mbwa wangu, nikijiona mjanja.

Wiki mbili hazijaisha, Ngoie akaenda Kabongo kujifungulia kwa mama yake. Nikamwekea mbwa bukari na samaki mkavu, hakugusa. Kesho yake, hakugusa. Siku ya tatu alilala mlangoni, mbavu zinahesabika, na kila nikinyoosha mkono anajikunyata ukutani. Niliogopa atakufa, mwanangu, na sikujua ningemwambia nini Ngoie. Nikambeba mpaka kwa Mama Kabange.

"Mama, huyu mbwa iko mugonjwa," nikamwambia. "Miye nimeshindwa. Umubakishe hapa."

Akampapasa tumbo, kisha akanitazama.

"Haiko mugonjwa. Inaogopa. Zile siku sita nilikuwa naona bibi yako Ngoie. Weye, nilikuona mara moja tu."

Hakunigombeza, na ningependelea anigombeze.

"Mwalimu," akasema, "huyu mutoto bantu balimuacha mara moja. Ukimuacha leo, njo mara ya mbili. Anza siku zako. Ikala chini."

Nikakaa chini, suruali na yote. Nikamega bukari, nikaiweka kiganjani, nikasubiri mpaka mguu ukafa ganzi. Hakula. Nyumbani nikakaa tena sakafuni, nikamsomea kwa sauti kazi za wanafunzi, maana sikujua mtu humwambia nini mbwa. Asubuhi akaja akitambaa kwa tumbo, akala tonge moja, akanilamba vidole. Nililia, sikufichi. Ngoie aliporudi na mtoto mchanga, mbwa alikuwa akinifuata hata chooni.

Aliishi nasi miaka kumi na mitatu. Alitafuna kiatu cha mchungaji siku ya ubatizo, akanilaza macho kwa homa ya kupe, na mwisho akapofuka, nikawa namwongoza kila asubuhi kwenda nje. Sijutii hata siku moja ya hizo.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Usimchukue kwa kuwa anapendeza akiwa mdogo. Udogo wenyewe ni wa miezi tu. Jiulize nani atamlisha wakati wa mitihani yako, nani atampeleka kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa, na siku ukipata kazi Lubumbashi atabaki na nani. Kama jibu ni jina la mtu mwingine, mwache kwanza, wala sitakucheka. Kama jibu ni wewe, nenda kesho ukachutame. Mimi naamini utaweza. Mama yako, jirani yetu, alipovunjika mguu nilikuona ukimwogesha mwenyewe, hukumtuma mtu.

Mungu akupe miaka mingi pamoja naye, mwanangu. Na siku atakayochoka kabisa, akujalie uwe nyumbani.