Miwani Moja ya Darasa Zima

Juzi niliona vijana wakichomelea geti karibu na soko la Isiolo, kila mmoja na miwani yake nyeusi, nikamkumbuka kaka yangu Guyo.

Alasiri moja, nilipokuwa bado mtoto mdogo, alirudi nyumbani Chechelesi mapema kutoka chuo cha ufundi, ovaroli yake ikinuka chuma kilichoungua, kitambaa chenye maji kimefungwa machoni. Mwenzake alimshika mkono mpaka mlangoni, akaondoka. Mimi nilidhani ni mchezo wa kutafutana. Nikajificha nyuma ya mitungi ya maziwa, nikapiga makofi ili anisikie.

Mama akauliza, "Guyo, umefanya nini?"

"Cheche imeingia jichoni, mama. Miwani ni moja darasa zima, na zamu yangu ilikuwa haijafika. Mwalimu alisema tuendelee tu."

Mama alikaa chini.

Jicho lile halikupona, na Guyo hakurudi chuoni. Mpaka leo anachunga ngamia wa mjomba huko Biliqo. Lakini alasiri ile sikujua lolote. Niliendelea kupiga makofi, nikamwambia anachelewa kunitafuta. Guyo akanyoosha mikono mbele, akaanza kuja polepole akifuata sauti yangu.